Misuli Tusiyoitaja

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wahitimu wa mwaka 1974 katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi. Tunaichapa kama ilivyosomwa. – Mhariri)



Kwanza kabisa nakushukuru wewe Ndugu Mwenyekiti pamoja na kamati yako kwa kunipa nafasi hii. Barua yako iliniomba nizungumzie maumivu ya mgongo, kwa kuwa nimefanya kazi ya tiba ya viungo kwa zaidi ya miaka 30. Nilikujibu kwamba mgongo utasubiri mwaka mwingine, na kwamba leo ningependa kusema juu ya misuli ambayo hata mimi mwenyewe, mtu wa kazi hiyo, niliona haya kuitaja. Ukanikubalia. Basi kama kuna mzee atakayekereka, lawama zije kwangu, zisiende kwa Mwenyekiti.

Nianze na jambo ambalo wenzangu wa miaka ile watalikumbuka. Mwaka 1973 tulikuwa kidato cha tatu. Mwaka huo ndipo ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili katika nchi yetu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Sisi tulikuwa tukitoka Jumamosi na majembe kwenda kusaidia vijiji vya jirani. Namkumbuka mzee mmoja aliyetufukuza kwa fimbo kwa sababu vijana wadogo tulimtajia choo mbele ya mkwewe. Juma lililofuata tulimkuta ameanza kuchimba mwenyewe, na shimo limemfika kiunoni. Hakutusalimu, lakini choo kilikuwepo.

Nataka mnichukulie leo kama mlivyotuchukulia siku ile. Mnaweza kunikasirikia sasa, mradi mkifika nyumbani mchimbe.

Ndugu Mwenyekiti, misuli yenyewe ni hii. Wanafunzi wa elimu ya viumbe wanajua kwamba fupanyonga ni mfupa wenye umbo la bakuli lililotobolewa chini. Tundu hilo limezibwa na misuli inayotoka mfupa wa mbele, chini ya kinena, hadi kifandugu huko nyuma. Wataalamu huiita misuli ya sakafu ya nyonga. Mimi huieleza kwa kitanda cha kamba, kile tulicholalia wengi wetu utotoni. Fremu ya kitanda ni mfupa, na kamba ni misuli. Juu yake vimelala kibofu cha mkojo, utumbo wa mwisho, na kwa mwanamke mfuko wa uzazi. Kamba zikikazwa vizuri mlalaji hulala juu. Zikilegea hubonyea, na mwisho mgongo wake hugusa ardhi. Lakini kamba zikilegea hakuna anayekitupa kitanda. Watu huzikaza.

Misuli hii ina kazi tatu. Ya kwanza ni kubeba vile vilivyo juu yake. Ya pili ni kufunga na kufungua njia za haja ndogo na haja kubwa. Ya tatu ni katika tendo la ndoa: kwa mwanamume, baadhi ya misuli hii hubana shina la uume ili damu iliyoingia isirudi upesi, kwa mwanamke, kukaza na kulegea kwake kunahusika na raha na pia na maumivu. Kwa hiyo wanaodhani kwamba hili ni jambo la wanawake waliozaa peke yao wamekosea. Kila aliyeketi hapa anayo, na wengi wetu tumeikalia sasa hivi.

Huku kwetu Shinyanga na Geita misuli hii hulegea kwa nini? Sababu ya kwanza inajulikana, nayo ni uzazi. Mtoto hupita katikati ya kamba hizo na kuzivuta, na mama aliyezaa mara nyingi, au aliyepata uchungu wa muda mrefu, huathirika zaidi. Sababu nyingine ni uzee, unene uliozidi, na kusukuma kwa nguvu chooni kwa sababu ya choo kigumu. Lakini zipo pia za kazi. Nendeni Nyarugusu, Lwamgasa au Mgusu mkatazame. Kijana anapandisha mfuko wa mawe kutoka kwenye duara, anaubeba begani hadi kwenye karasha. Pembeni wapo akina mama wamechuchumaa kutwa wakiponda mawe, na wengine wanainua ndoo za maji kwenye mwalo. Kila mtu anapoinua mzigo huku amebana pumzi, tumbo husukuma chini, na kamba hupokea uzito huo. Halafu kuna vumbi. Vumbi la mawe ya dhahabu huharibu mapafu na kumweka mchimbaji katika hatari kubwa ya kifua kikuu. Mtu anayekohoa mwaka mzima huipiga misuli hii nyundo mwaka mzima.

Sasa nitasema ya nyumbani kwangu, na naomba ieleweke kwamba mke wangu ameniruhusu. Tena ameketi safu ya tatu.

Mke wangu alizaa watoto watano. Baada ya yule wa nne, mkojo ulianza kumtoka akikohoa, akipiga chafya au akicheka. Hakuniambia. Alivaa kitambaa ndani, alikiosha usiku na kukianika mahali nisipopaona. Kanisani alihama kutoka benchi la mbele akaketi karibu na mlango. Aliacha ngoma za harusi. Alipunguza kunywa maji, na kwa sababu hiyo akawa anaunguzwa na mkojo kila mara. Mimi nilidhani amekuwa mtu mzima, ametulia. Tulikaa hivyo miaka 17, Ndugu Mwenyekiti. Na katika miaka hiyo yote mimi nilikuwa naondoka asubuhi kwenda kuwanyoosha watu magoti na mabega.

Nilijua lini? Nilijua yaliponipata mimi. Nilipofika umri wa miaka 66 nilifanyiwa upasuaji wa tezi dume. Upasuaji ulikwenda vizuri na sina ugomvi na mkono wa daktari. Lakini mpira wa mkojo ulipotolewa, sikuweza kujizuia. Nilikuwa nikisimama kitini, suruali inalowa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hali hiyo huweza kutokea, wala kwamba kwa wengi hupungua kadiri muda unavyokwenda, wala nini cha kufanya. Nilirudi nyumbani nikajifungia chumbani. Niliacha kwenda vikaoni. Wengine mliniita kwenye misiba nikasema naumwa mgongo. Haukuwa mgongo.

Siku ya kumi mke wangu aliingia na kitambaa kilichokunjwa vizuri, akakiweka kitandani, akasema: "Vaa hiki hivi. Mimi nimevaa miaka 17."

Sina maneno ya kueleza aibu niliyoipata siku ile. Sikuona haya kwa ajili ya mkojo. Niliona haya kwa sababu nilikuwa nimesoma ugonjwa wake katika kitabu, nikajibu maswali yake katika mtihani na kufaulu, kisha nikalala pembeni yake miaka yote hiyo bila kumwuliza. Tulianza mazoezi pamoja kesho yake, wazee wawili, asubuhi, mchana na usiku. Mimi nilikauka katika mwezi wa tatu. Yeye ilimchukua miezi mitano, na sasa akikohoa sana bado hutoka tone. Lakini amerudi benchi la mbele.

Basi niwaeleze mazoezi yenyewe. Hayahitaji chombo, fedha wala uwanja.

Kwanza, itafute misuli. Lala chali ukiwa umekunja magoti, au keti wima. Fanya kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele za watu, na papo hapo kama anayezuia mkojo. Utasikia kitu kikijikaza na kupanda ndani. Mwanamume ataona shina la uume linavutwa ndani kidogo na korodani zinainuka. Mwanamke atasikia njia ya uzazi inabanwa na kuinuliwa. Ukiona matako, mapaja au tumbo vimekaza, umekosea misuli. Ukiona umebana pumzi, umekosea pia. Anayekutazama usoni hatakiwi kujua unafanya nini.

Pili, kaza na ushikilie huku ukihesabu pole pole hadi tano, kisha legeza ukihesabu hadi tano. Fanya hivyo mara kumi. Kulegeza ni nusu ya zoezi. Kamba isiyolegea nayo hukatika. Baadaye ongeza kidogo kidogo hadi uweze kushikilia kwa hesabu ya kumi.

Tatu, malizia kwa kukaza na kuachia upesi upesi mara kumi. Hizi ndizo nguvu za dharura, za chafya na kicheko.

Nne, rudia mafungu hayo mara tatu kwa siku. Mimi hufanya ninapoamka, baada ya chakula cha mchana, na wakati wa taarifa ya habari ya usiku. Wengi huona mabadiliko baada ya majuma sita hadi kumi na mawili. Anayeacha juma la pili asiseme kwamba dawa haifanyi kazi, hajaimeza.

Tano, na hili ni la wabeba mizigo: kabla ya kuinua ndoo, mfuko au mtoto, kaza kwanza, kisha inua huku ukitoa pumzi. Kabla ya kukohoa, kaza. Ni kama kufunga mlango kabla upepo haujaja.

Sita, msiifanye desturi kukatiza mkojo katikati ili kufanya mazoezi. Kujaribu mara moja ili kuitambua misuli si kosa, lakini kuizoea huweza kukifanya kibofu kisimalize kujisafisha.

Wapo watakaouliza: haya ni ya kweli au ni maneno ya wastaafu? Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi haya mwaka 1948, na katika nchi nyingi yanaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 2018 shirika la Cochrane lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu wanawake wanaotokwa na mkojo wanapokohoa au kuinua kitu. Kati ya kila 100 waliofanya mazoezi, 56 walisema wamepona. Kati ya kila 100 wasiofanya, 6 tu. Kwa upande wa wanaume, utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2005 uliwafuata wanaume 55 ambao uume wao ulishindwa kusimama vizuri. Walifanya mazoezi haya na kurekebisha mwenendo wao wa maisha kwa miezi sita. Asilimia 40 walirudia hali ya kawaida, na karibu theluthi nyingine walipata nafuu. Robo hivi hawakupata faida. Nawatajia na hao pia, kwa sababu sikuja kuuza dawa.

Na hapo pa kuuza dawa nataka vijana wanisikilize. Ukishuka basi Kahama au Katoro leo utauziwa vumbi la Kongo, mizizi na vidonge visivyo na jina, eti nguvu za kiume. Hujui kilichomo, hujui kipimo, na muuzaji hakuulizi kama una ugonjwa wa moyo. Mwanamume mtu mzima anapoanza kupungukiwa nguvu hizo, mara nyingi ni mwili unaotoa taarifa: huenda ni kisukari, shinikizo la damu, mishipa ya moyo, pombe, sigara au mawazo. Anayezima taarifa hiyo kwa kidonge cha stendi ni sawa na mlinzi anayelipiga jiwe king'ora ili alale. Nenda ukapimwe sukari na presha kwanza. Mazoezi yafuate.

Ndugu Mwenyekiti, ni lazima pia niseme mambo ambayo mazoezi hayawezi, maana nisingependa mtu aache hospitali kwa sababu ya hotuba yangu.

Mazoezi hayafungi tundu. Mama anayetokwa na mkojo mfululizo, usiku na mchana, baada ya uchungu uliochukua siku nyingi, huenda ana fistula. Huyo anahitaji upasuaji. Bugando, ile hospitali iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, imewashona akina mama wengi wa kanda yetu, na CCBRT ya Dar es Salaam nayo imewatibu wengi kutoka mikoa yote. Hakulogwa, hakukosea, asifichwe.

Mazoezi hayatibu kichocho. Tulipokuwa watoto, kukojoa damu baada ya kuogelea bwawani tuliona ni jambo la kawaida. Si la kawaida. Minyoo ile huumiza kibofu, na kwa wasichana huumiza njia ya uzazi na kurahisisha kuingia kwa virusi vya UKIMWI. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli.

Mazoezi hayatibu kisonono wala kaswende. Na hapa kanda yetu imeifundisha dunia. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, ulifanyika utafiti mkubwa katika vijiji vya mkoa huo. Kulikuwa na jumuiya 12, na watu wazima wapatao 12,000 walifuatiliwa. Katika nusu ya jumuiya hizo zahanati ziliimarishwa, wahudumu wakafundishwa na dawa za magonjwa ya zinaa zikapelekwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Hakukuwa na mtambo mpya pale. Mhudumu wa zahanati alijua la kufanya, dawa ilikuwepo kabatini, na mgonjwa alikubali kusema kinachomsumbua. Hilo la tatu ndilo halinunuliwi. Na vijana mnaokwenda machimboni wakati wa likizo, ambako fedha ya leo huliwa leo, kumbukeni kondomu na kupima.

Mwisho, ukiona damu katika mkojo, ukishindwa kabisa kukojoa, ukisikia kitu kinashuka ukeni, au ukiwa na maumivu ya nyonga yanayozidi unapokaza, acha mazoezi umwone daktari. Wapo watu ambao misuli yao imekaza kupita kiasi. Hao hufundishwa kulegeza.

Wanafunzi, ninyi bado mna kamba mpya. Kunyweni maji. Msibane mkojo kutwa kwa sababu choo ni kichafu. Msisukume kwa nguvu chooni. Kuleni mboga, maharage na matunda. Mkipewa ndoo, inueni kwa miguu, si kwa tumbo. Na mkiwaona dada na mama zenu wanakaa karibu na mlango kila mara, msicheke.

Wahitimu wenzangu, nina maombi mawili. La kwanza, mfuko wetu wa mwaka huu utengeneze vyoo vya shule hii, viwe na milango inayofungika na maji ya kunawa. Mwaka 1973 tulichimba vya wenzetu. Tusishindwe vya watoto wetu. La pili halihitaji mchango. Usiku wa leo, kila mwenye mke amwulize swali moja: je, unapokohoa, hukupata tatizo lolote? Akinyamaza, usiondoke. Kaa. Mwambie na wewe lako.

Mimi swali hilo nilichelewa kuliuliza miaka 17, na jibu lilikuwa likianikwa nyuma ya nyumba yangu mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. Kwa kuwa mmenisikiliza bila kunifukuza kwa fimbo, nawashukuruni sana. Na sasa, kabla chakula hakijaletwa, tufanye pamoja fungu moja la kumi, sote tukiwa tumeketi. Msihofu, hakuna atakayewaona.